Presha Isiyotokana na Mawazo

Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya walimu wastaafu, Tanga, katika wiki ya Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, ambayo huadhimishwa Mei 17. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiondoa marudio.

Shikamooni walimu wangu.

Nimesimama mbele ya watu walionifundisha kushika kalamu, kwa hiyo nikikosea Kiswahili nisahihisheni hapa hapa. Mwenyekiti amenipa dakika 40. Naomba nianze kwa kuwahesabu. Wenye presha ya kupanda, mikono juu. Naona ni zaidi ya nusu ya ukumbi. Teremsheni. Sasa wale walioambiwa na mtu yeyote, awe jirani, mtoto au hata daktari, kwamba "presha yako ni mawazo tu, punguza mawazo", mikono juu. Mnacheka, lakini mikono haikupungua!

Lugha yetu nayo imechangia. Neno presha tumelipokea tukalipa kazi mbili. Mtoto akichelewa kurudi nyumbani, mama anasema amempandisha presha. Timu ikifungwa dakika ya 90, mzee anasema ameshikwa na presha. Halafu neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kliniki, mkanda ukiwa mkononi na mashine ikisoma 180 kwa 110. Taratibu tumeamini kwamba ugonjwa huu ni hasira iliyokwama kwenye mishipa, na kwamba mwenye nao ameutafuta mwenyewe. Kuna chembe ya ukweli humo, nitaifikia. Lakini leo nimekuja kuwatetea wagonjwa ambao presha yao haikuletwa na mawazo wala haikuletwa na ukaidi wa kutomeza dawa. Imeletwa na tezi.

Wekeni mikono mgongoni, chini kidogo ya mbavu za mwisho. Hapo ndipo zilipo figo. Juu ya kila figo kuna tezi imekaa kama kofia, uzito wake gramu 4 au 5, yaani sukari ya kijiko kimoja cha chai. Wataalamu wanaziita tezi adrenali. Wale wanaonunua figo buchani ikiwa bado imefunikwa na mafuta yake, huenda mmeshaikatia tezi hiyo kwenye supu bila kujua.

Ndani yake ni viungo viwili vilivyofungwa pamoja. Ganda la nje hutengeneza homoni za aldosteroni na kortisoli, pamoja na homoni nyingine za jinsia ambazo leo nitaziruka. Kiini hutengeneza adrenalini na nduguye noradrenalini. Hizo zote, kila moja kwa njia yake, zinajua kupandisha presha.

Miaka mingi hakuna aliyejua vijitezi hivi vina kazi gani. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison, wa hospitali ya Guy's huko London, aliandika habari za wagonjwa walionyong'onyea, wakatapika, ngozi ikabadilika rangi na kuwa nyeusi, mpaka wakafa. Maiti zilipopasuliwa, tezi hizi zilikutwa zimeharibika, mara nyingi kwa kifua kikuu. Mwaka uliofuata Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Mauritius, mtu wa bahari yetu hii hii ya Hindi, alizitoa tezi hizo kwa wanyama na wanyama wakafa. Basi ikajulikana kwamba hatuishi bila hizo gramu chache. Na mtu ambaye tezi zake zimekufa, presha yake huanguka, naye hutamani chumvi kama mbuzi anayelamba magadi. Hilo la chumvi mlishike, tutalirudia.

Niseme kwanza juu ya kiini, kwa sababu ndicho kinachosingiziwa. Mwaka 1894 Waingereza wawili, George Oliver na Edward Schäfer, waliwadunga wanyama maji yaliyotokana na tezi hii, na presha ikaruka juu hapo hapo. Miaka michache baadaye, mwaka 1901, Mjapani Jokichi Takamine akaipata adrenalini yenyewe ikiwa safi. Ukikimbizwa na mbwa, ndiyo inayofanya kazi: moyo unadunda, mishipa inajibana, presha inapanda. Lakini adrenalini ni mgeni wa dakika chache. Mbwa akishapita, inapungua. Ugomvi wa asubuhi hauwezi kueleza presha ya 170 inayopimwa Jumatatu, ikapimwa tena wiki ijayo, ikapimwa tena mwezi ujao. Sisemi mawazo hayana madhara. Mtu mwenye mawazo halali vizuri, pengine anakunywa pombe zaidi, anasahau dawa. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli niliyoitaja.

Kuna wachache ambao kiini hicho huota uvimbe na kumwaga adrenalini bila mbwa yeyote kuwepo. Mtu amekaa barazani, ghafla kichwa kinapasuka kwa maumivu, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, anapauka. Baada ya muda linapita, anaonekana mzima. Sitashangaa nikisikia wengine wamepelekwa kuombewa au kupungwa majini kwa dalili hizi. Uvimbe huu ni nadra, haufiki mtu 1 katika kila wenye presha 100, lakini unaua ukipuuzwa, na wakati mwingine hutembea katika ukoo. Daktari Felix Fränkel wa Freiburg, Ujerumani, aliueleza mwaka 1886 kwa binti wa miaka 18 aliyefariki. Zaidi ya karne moja baadaye watafiti waliwatafuta ndugu wa ukoo wa binti yule, wakawapima, wakakuta hitilafu ya urithi inayosababisha uvimbe huo. Kwa hiyo mwenye dalili hizo aseme, na asitumie dawa za kutuliza mapigo ya moyo kwa ushauri wa jirani. Katika ugonjwa huu, dawa hizo zikitangulia peke yake zinaweza kuifanya presha ipae zaidi.

Nije kwenye kortisoli. Hapa naomba mnivumilie, maana nitagusa nyumba zenu.

Mwili wenyewe unaweza kutoa kortisoli kupita kiasi. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo nchini Marekani, aliwaeleza wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1932, na ugonjwa ukachukua jina lake. Lakini kwa huku kwetu, kortisoli ya ziada ninayoiona mara nyingi haitoki kwenye tezi. Inatoka dukani. Mkorogo wa kung'arisha ngozi una krimu zenye klobetasoli, dawa kali ya jamii ya kortisoli. Wengine wanameza deksamethasoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, ili wanenepe, wapate mashavu na makalio. Ikitumika kwa miezi, uso unakuwa wa duara, tumbo linatokeza huku mapaja yakikonda, ngozi inakuwa laini kama karatasi na kuchorwa mistari ya zambarau. Presha inapanda, na sukari nayo inapanda. Mjukuu wa miaka 24 akikutwa na presha, kabla ya kumuuliza nani amemvunja moyo, mwulizeni anapaka nini.

Ila msimnyang'anye kopo siku hiyo hiyo mkalitupa. Tezi ikizoea kuletewa kortisoli kutoka nje hulala. Ukikata ghafla, mtu anaweza kuanguka kama wale wagonjwa wa Addison, presha ikaporomoka. Hupunguzwa polepole, chini ya macho ya daktari.

Na kuna njia nyingine ya ajabu zaidi. Wazee wa pwani mnaujua urukususu, ile mizizi mitamu inayotafunwa kwa kikohozi. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Uholanzi aligundua kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo aliowapa dawa ya urukususu walikuwa wakivimba na kupanda presha. Sababu yake ilikuja kujulikana baadaye sana. Kwenye figo kuna kimeng'enya kinachoizuia kortisoli isijifanye aldosteroni. Urukususu hukifunga mikono kimeng'enya hicho. Kutafuna kipande kwa siku mbili hakuna neno. Kuunywa kila siku kwa wiki nzima nzima, na huku una presha, ni habari nyingine.

Nimeitaja aldosteroni. Hii ndiyo iliyonileta.

Nyumba nyingi hapa mna tangi la maji. Ndani ya tangi kuna boya. Maji yakishuka, boya linashuka na koki inafunguka. Maji yakijaa, boya linapanda na koki inajifunga. Mwili una mpango kama huo. Figo ikihisi damu inapita kwa nguvu ndogo, hutoa kitu kinachoitwa renini. Renini huanzisha mnyororo unaozaa anjiotensini, na anjiotensini huibana mishipa na kuiambia tezi: toa aldosteroni. Aldosteroni inarudi kwenye figo na kuiamuru isiimwage chumvi kwenye mkojo. Chumvi inabaki, maji yanaifuata, presha inapanda. Figo ikiridhika inaacha kutoa renini, na tezi inapumzika. Ila chumvi hiyo inalipiwa: sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chumvi, inapobaki, potasiamu, madini mengine ambayo misuli na moyo huyahitaji, hutolewa kwenye mkojo.

Sasa fikirini tezi iliyoamua kufanya kazi bila kuamriwa. Renini imezimika, mwili umejaa chumvi, na bado aldosteroni inamwagika. Boya liko juu kabisa na maji yanaendelea kuingia. Fundi akikuta hivyo hahitaji kuuliza mengi, kibovu ni koki.

Aliyeliona hilo kwanza na kulieleza vizuri ni Jerome Conn, wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akichunguza jinsi watu wanavyolizoea joto la tropiki, joto kama hili letu. Aliona kwamba mtu akikaa siku kadhaa kwenye joto, jasho lake linapungua chumvi, kana kwamba kuna mkono unaizuia isitoke. Akashuku tezi adrenali. Aldosteroni yenyewe ilikuwa haijapatikana. Ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kazi ya Sylvia Simpson na James Tait huko London, wakishirikiana na wenzao wa Basel, Uswisi.

Mwaka 1954 Conn aliletewa mwanamke wa miaka 34. Kwa miaka alikuwa akikazwa na misuli, akiishiwa nguvu, mara nyingine miguu ikigoma kabisa kutembea. Presha iko juu, potasiamu iko chini. Conn aliyaunganisha aliyoyaona kwenye jasho la watu wake na alichokiona kwenye damu ya mama huyu, akasema tezi ndiyo inayofanya haya. Desemba mwaka huo mama akapasuliwa. Mpango ulikuwa kuziondoa tezi zote mbili. Daktari wa upasuaji alipofungua, akakuta uvimbe upande wa kulia, wa sentimita kama 4. Akautoa, akaiacha tezi ya pili, na mama akapona.

Baada ya hapo inakuja sehemu inayoniudhi. Conn alisema wagonjwa wa aina hii ni wengi, akafikia kukisia kwamba huenda ni 20 katika kila wenye presha 100. Wenzake hawakumwamini. Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari, nami nikiwa mmoja wao, tulifundishwa kwamba ugonjwa huu ni nadra na usipoteze muda kuutafuta. Ulikuwa nadra kwa sababu ulitafutwa kwa wale tu ambao potasiamu yao ilikuwa imeshuka. Leo tunajua wengi wenye ugonjwa huu potasiamu yao ni ya kawaida. Mwaka 1981 Wajapani walionyesha njia rahisi: pima aldosteroni na renini kwa pamoja, kisha linganisha. Waliopima hivyo walianza kuwapata, 5 hadi 10 katika kila wenye presha 100, na zaidi ya hapo kwa wale ambao dawa tatu hazijaweza kuishusha. Makisio ya Conn yalizidi, lakini yalikuwa karibu na ukweli kuliko dharau ya wenzake. Mwaka 2025 mwongozo wa chama cha kimataifa cha mabingwa wa homoni umependekeza kila mwenye presha ya kupanda apimwe hivyo. Tangu 1954 mpaka 2025, walimu, hesabuni wenyewe.

Kuchelewa huko kuna gharama, kwa sababu aldosteroni ikizidi haiishii kupandisha presha. Inauchosha moyo na figo kwa njia zake yenyewe. Watu wawili wenye presha iliyo sawa, yule ambaye yake imetokana na aldosteroni yuko karibu zaidi na kiharusi na moyo wenye mapigo yasiyo na mpangilio.

Mtaniuliza: haya ya Michigan yanatuhusu nini?

Daktari mmoja aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, karibu na Ziwa Viktoria upande wa Kenya, aliandika mwaka 1929 kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakumkuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Miaka sitini hivi baadaye, watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 1990. Ndani ya miezi michache tu ya mjini presha za wahamiaji zilikuwa juu ya za wenzao, na mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka huku potasiamu ikipungua. Ni watu wale wale, wenye tezi zile zile. Kilichobadilika ni sahani: mboga za majani na viazi vimepungua, chumvi imezidi.

Mwafrika mweusi mwenye presha mara nyingi hukutwa na renini ya chini, yaani mwili uliokwisha kujaa chumvi. Haimaanishi kila mmoja wao tezi yake ni mbovu. Lakini inaeleza kwa nini dawa zinazoushika mnyororo wa renini, kama kaptoprili na losartani, zikipewa peke yake mara nyingi hazitoshi kwetu. Utafiti uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kutolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini, dawa inayolegeza mishipa, ulishusha presha vizuri kuliko ule usiokuwa nayo. Naomba mtu asitoke hapa akabadilishane vidonge na mkewe. Nimelisema ili mjue kwamba dawa kutokufaa si lazima iwe kosa la mwenye kuimeza.

Na hapa nina deni la kukiri. Miaka ya nyuma nilimtibu dereva mmoja wa lori. Presha yake haikushuka chini ya 190. Kila akija namwongezea dawa, na kila akija namgombeza: wewe hunywi dawa, ukiwa safarini unaziacha. Alikuwa mtu mzima kwangu, ananijibu "nakunywa, daktari" na kuinamisha kichwa. Siku moja alikuja na mfuko wa rambo, akaumwaga mezani. Karatasi tupu za vidonge, za miezi minne, amezihifadhi zote ili nimwamini. Nikaona aibu ambayo sijaisahau. Nilipoangalia faili lake, nikakuta potasiamu ilikuwa chini tangu mwaka uliopita, na mimi mwenyewe nimeandika pembeni kwamba ni kwa sababu ya dawa ya kukojosha. Anaamka usiku mara nne kukojoa, nikaandika ni umri. Misuli inakaza, nikaandika ni usukani.

Damu yake tuliipeleka mbali kupimwa. Renini ilikuwa kama haipo, aldosteroni ilikuwa juu. Ya kupiga picha na kwenda kupasuliwa hakuyaweza kwa gharama. Nilimpa spironolaktoni, kidonge cha zamani, cha bei ya kawaida, kinachoizuia aldosteroni isiiamuru figo. Baada ya wiki sita mashine ilisoma 138. Aliomba nirudie kupima, maana hakuamini. Nilirudia. Ilisoma 136.

Kidonge hicho kina masharti. Mwenye figo dhaifu potasiamu yake inaweza kupanda mpaka moyo ukasimama, na wanaume wengine matiti huvimba. Ni cha kupewa huku damu ikipimwa. Lakini utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 ulikilinganisha na dawa nyingine kwa watu ambao dawa tatu zilikuwa zimeshindwa, na hicho ndicho kilichoshinda.

Kipimo cha renini na aldosteroni hospitali nyingi za wilaya hazina, na nikiwaambia mkakidai kesho nitakuwa nawadanganya. Potasiamu inapimwa sehemu nyingi zaidi, na hiyo iombeni. Mwenye dawa tatu ambazo hazishushi, aliyeanza presha kabla ya miaka 40, mwenye ndugu aliyepata kiharusi akiwa kijana, au aliyepigwa picha ya tumbo kwa jambo jingine wakaona kijiuvimbe juu ya figo, huyo aende kwa daktari aulize kwa adabu tu: "Mwanangu, tezi zangu za juu ya figo mmeshaziangalia?" Ninyi ni walimu. Mkiuliza hivyo, daktari kijana ataenda kusoma usiku.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla sijamaliza kuna swali limeletwa kwenye karatasi, halina jina, lakini mwandiko naujua, ndio ulionisahihishia insha. Linasema: "Chumvi nimepunguza, lakini dagaa wa kukausha je?" Mwalimu, dagaa huyo wa chumvi ni chumvi yenyewe iliyovaa magamba. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, chini ya kijiko cha chai, na hiyo ni pamoja na ile ya ndani ya dagaa, mkate na vile viungo vya vipande vya kuongezea supu. Mloweke, mmwage maji, mpike bila kuongeza.

Na mama pale nyuma aliuliza kwa sauti, tangu nilipokuwa nasema habari za adrenalini, kwamba mumewe akimkasirisha je. Muuguzi amekaa pale mlangoni na mashine. Mketi dakika tano kwanza, miguu yote chini, mkono juu ya meza, msizungumze. Mama utaanza wewe. Utapimwa sasa ukiwa umetulia, utapimwa tena kesho na keshokutwa, na mzee akae mbali. Ikiwa juu siku zote tatu, mzee hana hatia, na mimi na wewe tutakwenda kupima potasiamu.